Kofia Isiyofuliwa

Meseji ya mteja aliyekasirika Bi Fundi alitaka asomewe mara mbili. "Mara ya kwanza nisikie hasira zake," alikuwa akiniambia. "Mara ya pili nisikie anachosema." Mimi nilisoma, na mkono wake uliendelea na sindano. Nikimaliza mara ya pili alivuta uzi mpaka mwisho, kisha akauliza swali lile lile: "Sasa hapa sisi tulinyamaza wapi?"

Hakuuliza mteja kakosea wapi. Katika miaka saba niliyofanya naye kazi sikumbuki kumsikia akiuliza hivyo hata siku moja, na wako wateja waliokosea kweli.

Nilimwita Bi Fundi, kama walivyomwita wote waliomjua pale Bububu. Alikuwa akishona kofia za vitobo kwa mkono. Mimi nilikuwa na simu. Biashara yetu yote ilikuwa hiyo, mikono yake na simu yangu. Nilizipiga picha kofia, nikaziweka kwenye ukurasa wetu mtandaoni, nikawajibu wateja na kufunga vifurushi. Mimi nakaa Mji Mkongwe, kwa hiyo kila Alkhamisi baada ya alasiri nilikwenda kwake Bububu na meseji za wiki nzima. Sharti lake lilikuwa moja tu, zisomwe zote, za sifa na za matusi.

"Ukiruka hata moja," aliniambia siku ya kwanza, "itakuwa sifanyi biashara na weye. Itakuwa nafanya biashara na huruma yako."

Niliishia kidato cha pili na kuandika si kazi yangu. Ninaandika haya kwa sababu wateja bado wanauliza Bi Fundi yuko wapi, na nimechoka kuwajibu kwa mstari mmoja. Tena wao walimjua kwa mikono tu. Uso alikataa usipigwe picha. "Kofia hazishonwi kwa uso," alisema.

Kwa asiyejua, kofia ya vitobo ina vipande viwili, duara ya juu na ukanda wa pembeni. Nakshi huchorwa kwanza kwa penseli juu ya kitambaa, kisha vitobo hutobolewa na kuzungushiwa uzi, kimoja kimoja. Kofia moja ilimchukua miezi mitatu. Ikimalizika huwa haipendezi. Mistari ya penseli bado inaonekana, na weupe wake umefifia kwa kushikwa na vidole siku zote hizo. Ikishafuliwa, ikatiwa kanji ya wanga wa muhogo na kukaushwa juu ya bakuli lililopinduliwa, ndipo inaposimama na kung'aa.

Lakini Bi Fundi hakuifua. Wa kuifua alikuwa mnunuzi. Kwake yeye, na kwa wazee waliokuwa wakinunua kwake kabla ya simu yangu, kofia iliyokwisha kufuliwa ni kofia ya mashaka. Nani ajuaye imekaa juu ya kichwa cha nani? Penseli ndiyo ushahidi kwamba ni mpya. Niliwaona kwa macho yangu wazee hao. Wakipewa kofia hawakuijaribu kwanza. Waliipeleka dirishani wakaitafuta penseli, na wakishaiona ndipo walipokaa kitako kuzungumza.

Jambo hilo sisi tulilijua mno, hata haikutupitikia kulisema.

Mwaka wetu wa kwanza kijana mmoja wa Dar es Salaam alinunua kofia ya harusi yake. Ilipomfikia, aliandika hadharani chini ya picha yetu, kila mtu aone: "Mmeniuzia mtumba. Kofia ina uchafu na imechorwachorwa penseli. Imevaliwa hii. Ndoa yangu Ijumaa. Mungu anawaona." Chini yake watu wakaanza kumpa pole, na mmoja akasema hata yeye alikuwa na wasiwasi na sisi tangu zamani, ingawa hakuwahi kununua kitu kwetu. Haikuwa Alkhamisi, lakini nilikwenda Bububu mbio. Nikamsomea mara mbili.

"Nifute?" nikamuuliza.

"Ufute nini?"

"Maneno yake. Watu wanayasoma."

"Waache wayasome. Ukiyafuta hapa atakwenda kuyasema kwengine, na huko hatutokuwapo kumjibu." Akatia kifundo, akakata uzi kwa meno. "Kasema ndoa lini?"

"Ijumaa."

"Na leo?"

"Jumanne."

"Basi mwanangu, tumekaa tunazungumza nini? Mpigie."

Nilimpigia nikaweka sauti ya nje. Kijana alianza kwa ukali, na Bi Fundi akamwacha aseme mpaka akaishiwa. Kisha akamwambia, "Hujambo baba? Pole. Mama yako yupo?"

"Yupo. Lakini mama yangu mtu wa bara, hayajui mambo ya kofia."

"Kufua anajua?"

"Kufua anajua."

"Basi mpe simu."

Walizungumza karibu nusu saa, mama wawili wasiojuana. Bi Fundi alimweleza kuiroweka, kuisugua kwa kiganja bila ya kuikamua, unene wa kanji, na bakuli la ukubwa gani. Mwisho walikuwa wakizungumza habari za bibi harusi. Ijumaa kijana akaleta picha, amevaa kofia nyeupe imesimama. Maneno yake ya mwanzo hakuyafuta. Aliongeza neno moja tu chini yake: "Imetakata." Mimi nikasema sasa tumwombe ayafute yale ya kwanza. Bi Fundi akakataa. "Yaache yote mawili. Atakayekuja atasoma la kwanza, halafu atasoma la pili."

Kutokana na kijana yule ndipo tulipoanza kutia karatasi ndani ya kila kifurushi. Mwanzo ilikuwa na mistari miwili: Kofia hii haijavaliwa. Haijafuliwa, ifue kabla ya kuivaa. Tukaona tumemaliza. Mwezi haukupita, mteja mwengine akaitia katika mashine ya kufulia pamoja na suruali mpya ya jinzi, ikatoka ya buluu na imekunjamana kama jani la mkungu lililokauka. Huyu mimi nilitaka kumjibu kwamba hata mtoto anajua. Bi Fundi akauliza swali lake. Tuliangalia karatasi pamoja, maana yake mimi niliangalia na yeye alisikiliza. Tulisema aifue. Hatukusema kwa mkono.

Ukaongezeka mstari. Kila mstari wa karatasi ile ni mteja mmoja. "Pima kichwa kwa uzi, juu ya masikio, bila ya kilemba" ni bwana wa Morogoro. "Pima kichwa cha atakayeivaa" ni dada aliyempimia kakake kwa kichwa cha mume wake, kwa kuwa kaka alikuwa safarini na aliwaona wamelingana. "Rangi ya maziwa si nyeupe" ni watu watatu. Mpaka mwisho karatasi ilikuwa imejaa pande zote mbili, na watu waliniambia ni ndefu kuliko mkataba wa nyumba.

Isidhaniwe kwamba alikuwa mtu wa upole tu. Kwa wateja alikuwa mpole, kwangu alikuwa mkali. Nikichelewa hakunipa chai. Picha alizikataa kumi akakubali moja, naye simu yenyewe hakutaka kuigusa, akisema ina joto. Jirani aliyemwomba amfundishie bintiye kushona, Bi Fundi alimwambia binti ana mikono ya kupepetea mchele, na walikaa hawasemezani tangu mfungo tatu mpaka mfungo sita, miezi mitatu mizima. Alidai wateja waseme kweli juu ya ukubwa wa vichwa vyao, na umri wake mwenyewe hakuusema kweli. Kwa miaka minne mfululizo aliniambia ana sitini na tano.

Mzaha wake ulikuwa wa ghafla. Mteja mmoja alipoambiwa kofia itachukua miezi mitatu, aliandika: "Kwani mashine yenu mbovu?" Nilipomsomea, Bi Fundi alisema bila ya kuinua kichwa, "Mwambie mashine imekwenda kuswali." Nikaanza kuandika. Akanishika mkono. "Hebu usimwandikie hivyo. Atasadiki." Basi tukamwandikia kwamba mashine ni bibi mmoja, ana mikono miwili, na adhuhuri hulala. Mteja yule alingoja miezi yake yote mitatu na hakuuliza tena.

Sasa niseme habari ya macho.

Mwaka wa mwisho kila nilipofika, kabla ya meseji, alinipa sindano. "Nitilie uzi, mwanangu, mikono yangu ina mafuta." Nikamtilia. Alkhamisi nyengine tena. Kisha nikawa namtilia sindano kumi, kumi na mbili, nazichomeka katika kipande cha sponji zimtoshe mpaka nirudi. Mikono yake haikuwa na mafuta. Nilikuwa nikiiona, mikavu, na inanukia sabuni. Sikusema kitu. Nilijiambia kwamba yeye mwenyewe akitaka kusema atasema. Wageni wakija aliwajua kwa sauti, na alikaa karibu na dirisha hata wakati wa jua kali. Bintiye, aliyeishi naye, siku moja alinitazama nikitia uzi, na mimi nikamtazama, na sote wawili tukaendelea na shughuli zetu.

Kofia ya mwisho aliishonea mama mmoja wa Tanga, mteja wetu wa zamani, aliyetaka kumpa baba yake. Nilipokwenda kuichukua niliiona mara moja. Mbele ilikuwa kama kofia zake zote. Nyuma, mstari mmoja wa vitobo ulikuwa umepanda nje ya penseli, na mahali pamoja vitobo viwili vimekutana vikawa kimoja. Mtu asiyejua asingeona. Mimi nilijua, na mama wa Tanga alijua, kwa sababu alikuwa na kofia zake mbili nyengine nyumbani.

Bi Fundi aliniuliza, "Imekuwaje?"

Nikasema, "Imekuwa nzuri."

Nikaipiga picha upande wa mbele, nikaifunga, nikaipeleka.

Baada ya wiki mbili mama wa Tanga aliandika. Hakuandika hadharani, aliniandikia mimi, na ninayo mpaka leo: "Dada, kofia imefika. Sitaki kugombana na wewe. Lakini huu si mkono wa Bi Fundi. Mmeanza kuwapa watu wengine wawashonee, halafu mnatumia jina lake. Mngeniambia, pengine ningenunua vile vile. Naomba niirejeshe."

Nilikaa na simu mkononi. Kumwambia kwamba ni mkono wa Bi Fundi ilikuwa ni kumwambia Bi Fundi haoni. Kutomwambia ilikuwa ni kumwacha aamini kwamba Bi Fundi ni mwongo anayeuza jina lake. Na kabla ya yote hayo, ilinilazimu nimsomee mwenyewe, mara mbili, na akisha kusomewa atajua kwamba mkono wake hauwezi tena kazi ambayo ndiyo aliyoitiwa jina. Nikamwandikia mama wa Tanga airejeshe, atapata fedha zake. Mengine sikuyajibu.

Alkhamisi ile nilisoma meseji zote isipokuwa hiyo. Alkhamisi ya pili, akaniuliza mwenyewe.

"Ile ya Tanga ilifika?"

"Ilifika."

"Akasemaje?"

"Anashukuru."

"Hakuuliza namna ya kuikausha?"

"Hakuuliza. Anajua."

Akaitikia kwa kichwa. Nimesema uongo mara nyingi katika umri wangu kama watu wengine, lakini huo ndio ninaoukumbuka mpaka namna nilivyokuwa nimekaa.

Siku ya Jumamosi kifurushi kikarudi. Nilikifungua juu ya kitanda changu. Mama wa Tanga hakuifua wala hakuivaa, alikuwa ameikunja ndani ya karatasi yetu ile ile yenye mistari yote ya wateja. Nikavaa buibui nikaenda Bububu.

"Shikamoo, Bi Fundi."

"Marahaba." Alikuwa amekaa juu ya mkeka, karibu na dirisha, na kitambaa kipya mapajani. Alikuwa bado hajakichora. "Leo si Alkhamisi."

"Naam, si Alkhamisi. Kuna meseji sikukusomea."

Hakuuliza kwa nini. Aliweka kitambaa pembeni. "Isome."

Niliisoma. Nilipofika mwisho alisema, "Mara ya pili," na nikaisoma mara ya pili. Kisha akanyoosha mkono, nikampa kofia. Aliizungusha ukanda wake polepole chini ya kidole gumba, kama mtu anayesoma. Akazunguka mara moja. Mara ya pili kidole kikasimama.

"Hapa."

"Ndiyo."

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Lini?"

"Siku niliyokuja kuichukua."

"Na picha ukapiga upande gani?"

"Wa mbele."

Aliinamisha kichwa. Nilingoja anifukuze. Bintiye alikuwa mlangoni na sinia la chai, akarudi nalo ndani.

"Mie najua tangu kabla ya Ramadhani," alisema. "Kofia hii nliichora bado naona kidogo, sasa penseli siioni. Nashona kwa kuhesabu na kidole. Nikajisemea, nikikosea, yeye ataona, ataniambia. Sindano nlikuwa nakupa utie uzi, na macho nlikuwa nakutegemea weye vile vile. Ukaniambia nzuri."

Nilikuwa nimefikiri namficha yeye kitu, kumbe alikuwa akinisubiri mimi.

Baadaye akauliza, sauti ile ile ya siku zote: "Sasa hapa sisi tulinyamaza wapi?"

"Sote wawili, Bi Fundi. Na binti yako pia."

"Watatu," akasema. Akacheka kidogo kwa puani. "Haya, shika simu. Andika."

Haya ndiyo aliyonipa, neno kwa neno: "Asalaam alaykum mama. Kofia ni mkono wangu mwenyewe, hapana mtu mwengine aliyeigusa. Macho yangu hayaoni tena. Sikukwambia kwa sababu nlikuwa sijamwambia mtu. Baba yako mpe salamu, na yeye mtafutie kofia kwa mtu anayeona. Mwandishi wangu aliiona kasoro akaificha. Nshamgombeza."

Nilisimamisha kidole. "Bi Fundi, hujanigombeza."

"Andika. Ntakugombeza baadaye."

Niliipeleka. Akaniambia niandike na kwenye ukurasa, kwamba Bi Fundi haoni na hashoni tena, na walioagiza warejeshewe fedha zao. Nilimuuliza kama hataki tungoje kidogo. Akasema wateja wanangoja miezi mitatu, hawana haja ya kungojeshwa na zaidi. Nikaandika. Kile kitambaa kipya alikikunja mara nne akampa bintiye afanyie atakalo.

Mama wa Tanga alijibu usiku ule ule. Nilimsomea Alkhamisi, mara mbili, ingawa hakukuwa na hasira ndani yake. Alitaka arejeshewe kofia, kwa bei ile ile. Bi Fundi akakataa. Alisema yenye kasoro yeye haiuzi, na akiitoa bure mama yule atadhani ameitoa kwa aibu. "Shukrani nyingi, lakini hapana. Mwandikie hivyo, usiongeze."

"Sasa hii niifanye nini?" nikamuuliza. Kofia ilikuwa bado kwake, chini ya mto.

"Kaa nayo."

"Niifue?"

"Ukiifua utajuaje kama haijavaliwa na mtu?"

Aliishi miezi mitano baada ya hapo. Alkhamisi zote niliendelea kwenda, ingawa meseji zilikuwa chache na kazi hapakuwa na yoyote. Nilimsomea zilizokuwapo. Kunigombeza hakunigombeza. Kila nikimaliza kusoma nilikaa kidogo, nikidhani leo ndiyo siku yenyewe, na yeye aliniambia tu kwamba chai inapoa.

Alkhamisi siendi tena Bububu. Baada ya alasiri naitoa kofia kabatini, naipeleka dirishani, naitafuta penseli. Bado ipo.